Tunguu la mgomba halichipui, limeoza, au limetoa chipukizi moja tu: kutafuta chanzo

Sanduku la kuzalishia miche ya migomba halihitaji fedha nyingi. Mabanzi kutoka kwa wapasua mbao, magunia machache ya vumbi la mbao, nailoni inayopitisha mwanga, pipa la kuchemshia na kisu kinachokata kweli vinatosha kuanza. Tunguu (shina nene la mgomba lililo chini ya udongo) ambalo shambani lingekupa machipukizi machache tu kwa mwaka, ndani ya sanduku linaweza kukupa miche kumi, ishirini au zaidi kwa miezi michache, ikitegemea aina ya mgomba na mkono wa aliyelikata. Kwa mtu wa Kibosho, Marangu au Tengeru anayetaka kujaza upya kihamba (shamba la migomba la nyumbani) kwa mshare, aina ya mgomba, uleule aliorithi kwa wazee wake, njia hii ina thamani kubwa kuliko gharama yake.

Sanduku likigoma, wengi hulilaumu sanduku lenyewe. Wanabadilisha nailoni, wanaongeza maji, wanamwaga vumbi lote na kuanza upya. Mara nyingi kosa lilishatokea kabla tunguu halijafukiwa: pale mgomba mama ulipochaguliwa, pale kisu kilipopita, au usiku ule tunguu lilipoachwa shambani likisubiri kubebwa. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, jibu maswali mawili. Dalili ilionekana wiki ya ngapi tangu ufukie? Na ukilifukua tunguu moja ukalipasua katikati, ndani kuna rangi gani? Kulipoteza tunguu moja ili ujue hali ya mengine si hasara. Ninaowaona wakipata hasara ni wale wanaosubiri mwezi wa pili huku wakimwagilia matunguu yaliyokwisha kufa.

Hatua zilivyopaswa kwenda

Huwezi kujua ulipokosea kama huna cha kulinganishia, basi nitazipitia hatua kwa haraka. Unachimbua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, ambalo bado limeshikamana na mama yake na lina tunguu nene, kutoka kwenye shina lenye afya. Unakata mizizi yote na kumenya ngozi ya nje mpaka tunguu liwe jeupe. Unalitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, au kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20 kama una kipimajoto. Kisha unabandua maganda ya shina moja baada ya jingine, kila ganda ukilikata karibu sana na shina lake lakini ukiacha milimita mbili hivi, kwa sababu jicho la kuchipua limekaa pale pale ganda linapoungana na tunguu. Ukifika katikati, unaukata moyo kwa alama ya msalaba mpaka kisu kiingie kwenye nyama ngumu. Unaliacha kivulini, juu ya kitu safi, siku moja au mbili likauke majeraha. Halafu unalifukia kwenye vumbi la mbao lililochemshwa, likifunikwa sentimita mbili au tatu tu, ndani ya banda dogo la nailoni lililo chini ya kivuli.

Kwenye joto zuri, machipukizi huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne.

Wiki zinapita na hakuna kinachotokea

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na lina vyanzo vingi. Fukua tunguu moja.

Kama ni jeupe, gumu na halina jicho lolote lililovimba, angalia kwanza msimu. Mgomba husimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, na hukua vizuri zaidi karibu na nyuzi 27. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake ni wa baridi kali kwa mgomba mchanga. Machame ya juu na Uru ya juu ni hivyo hivyo. Tunguu lililofukiwa katikati ya Juni huko juu linaweza kukaa wiki sita bila kufa na bila kuchipua. Dawa yake ni ama kuanza mapema, Januari au Februari joto linapokuwa juu, au kulihamishia sanduku ukanda wa chini: Moshi mjini, Himo, Usa River. Ukilazimika kubaki juu wakati wa baridi, inua sanduku lisikae juu ya ardhi baridi, ziba nailoni vizuri jioni, na liweke upande wa ukuta unaopigwa na jua la mchana. Kuongeza maji wakati wa baridi hakusaidii chochote. Kunaharakisha kuoza.

Kama msimu ni mzuri, tazama sasa mahali macho yalipopaswa kuwa. Mkataji mwenye haraka hukata maganda hadi kwenye tunguu lenyewe, na kila ganda analoling'oa linaondoka na jicho lake. Utaona duara safi, laini, lisilo na uvimbe wowote pembezoni mwake. Tunguu la namna hiyo haliwezi kurekebishwa. Toa, weka kwenye mboji kama halina ugonjwa, na mwambie mkataji aache ukingo mwembamba wa ganda. Kisu kibutu huleta madhara yale yale, kwa kuwa hulazimisha mkono kuvuta badala ya kukata.

Chanzo kingine ni aina ya chipukizi lenyewe. Machipukizi yenye majani mapana tangu yakiwa madogo huvutia kwa macho, na watu huyachagua kwa sababu yanaonekana yamenawiri. Lakini hayajaungana vizuri na mama, tunguu lake ni dogo na halina akiba. Yatachipua kidogo, au hayatachipua kabisa. Chagua yale yenye majani membamba. Tunguu la nusu kilo hadi kilo mbili linafaa.

Halafu kuna kina. Tunguu likifukiwa sentimita nane au kumi, chipukizi hutumia nguvu zake zote kupanda juu, na mengine hukata tamaa njiani. Punguza vumbi la juu kwa mkono, usitumie jembe.

La mwisho hapa ni maji. Shika konzi ya vumbi la mbao kutoka chini, siyo juu, ukamue kwa nguvu. Likitoa tone moja au mawili, liko sawa. Likitiririka, limezidi. Likimwagika kama unga, limekauka, na tunguu limelala. Vumbi la juu hudanganya pande zote mbili: linaweza kuwa kavu huku chini kukiwa dimbwi.

Limetoka chipukizi moja, nono, katikati

Moyo haukufa. Sehemu ile ya kukua iliyo katikati ikibaki hai, huyazuia macho ya pembeni yasiamke, na nguvu yote ya tunguu huenda kwake. Sababu ni kwamba msalaba haukuingia ndani vya kutosha, au ulikatwa pembeni kidogo ya moyo.

Habari njema ni kwamba hili linarekebishika. Kata chipukizi hilo karibu na tunguu, toboa katikati kwa ncha ya kisu safi mpaka uguse nyama nyeupe ngumu, liache wazi nusu siku likauke, kisha lirudishe. Macho ya pembeni yataanza kuvimba. Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuongeza idadi: chipukizi la pembeni likiwa limenenepa kiasi na lina majani mawili matatu, ukilikata sentimita mbili juu ya tunguu na kulipiga msalaba, linatoa machipukizi mengine ya pili yake. Anayevumilia hatua hii ndiye anayepata idadi kubwa. Anayechuma kila chipukizi linapotokea hupata kidogo.

Tunguu limelainika na linanuka

Harufu ya tunguu lililooza haifichiki. Bakteria wa uozo laini wamekwisha kuingia, na kwa kawaida wameingia kwa mojawapo ya njia nne.

Ya kwanza ni kufukia majeraha mabichi. Tunguu lililobanduliwa maganda lina majeraha kila upande. Likiwekwa kwenye vumbi lenye unyevu saa ile ile, linaoza. Siku moja au mbili za kukauka kivulini si za kupuuzwa kwa sababu gari la kuleta matunguu limechelewa.

Ya pili ni sanduku lisilotoa maji. Watu wa mjini hujenga sanduku juu ya sakafu ya saruji, au hutandika nailoni chini ili kuokoa vumbi la mbao. Maji hayana pa kwenda. Toboa, au weka tabaka la kokoto chini, au inua sanduku juu ya vipande vya tofali.

Ya tatu ni vumbi lisilochemshwa. Linatakiwa kuchomwa kwa mvuke kwenye pipa: maji kidogo chini, wavu au mabanzi juu ya maji, magunia ya vumbi juu yake, kifuniko, moto wa kuni kwa saa kadhaa mpaka gunia la juu kabisa liwe la moto katikati. Likipoa, lisimwagwe kwenye ardhi ile ile ambako migomba ilimenywa. Hili nimeliona likifanyika kwa watu makini kabisa: pipa limechemka vizuri, kisha vumbi linaanikwa juu ya maganda ya matunguu.

Ya nne haitajwi sana: tunguu limepikwa. Sekunde 30 kwenye maji yanayochemka ni sekunde 30, hesabu kwa sauti au tumia simu. Dakika mbili huua macho yote. Tunguu lililopikwa huonekana jeupe na zuri siku ya kwanza, halafu nyama ya nje hubadilika kuwa ya kijivu, inakuwa na majimaji, na uozo unaanzia nje kuelekea ndani pande zote sawasawa. Uozo wa maji mengi kwa kawaida huanzia chini. Uozo wa majeraha mabichi huanzia juu, pale ulipopiga msalaba. Kujua ulianzia wapi kunakuokolea kazi ya kubahatisha.

Ukikuta tunguu moja limeoza kati ya mengi, litoe pamoja na vumbi lililolizunguka, usiguse jingine kabla hujanawa mikono, na acha nailoni wazi asubuhi chache. Ukikuta zaidi ya theluthi yameoza, toa yote.

Utando mweupe au uyoga juu ya vumbi

Karibu kila anayeanza hushtuka akiuona. Kuvu wengi wanaoota juu ya vumbi la mbao wanakula mbao, hawali mgomba. Fungua nailoni kwa muda wa saa moja au mbili asubuhi, punguza kumwagilia, ng'oa uyoga, endelea. Kama utando umelivaa tunguu lenyewe na chini yake pamelainika, rudi kwenye sehemu ya kuoza hapo juu.

Hapa niongeze neno kuhusu vumbi lenyewe. Chukua lililokaa nje kwa miezi na kuwa la kahawia, si lile jipya linalonukia utomvu. Uliza kiwandani kama mbao zilitiwa dawa kabla ya kupasuliwa. Vumbi la nguzo za umeme au mbao zilizolowekwa dawa ya mchwa halifai hata kidogo. La mgrevilea ni zuri na huku kwetu linapatikana, kwa sababu mti huo umejaa kwenye vihamba. Vumbi lisipopatikana, pumba za mpunga zilizochemshwa zinaweza kutumika, ila hukauka haraka na zinahitaji macho kila siku.

Majani yameungua ndani ya nailoni

Machipukizi yalitoka vizuri, kisha mchana mmoja majani yakageuka kahawia na kujikunja. Banda la nailoni lililopigwa na jua la moja kwa moja la Moshi mwezi wa Februari hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na mgomba mchanga hauvumilii. Weka kivuli juu ya nailoni, kiwe cha wavu, cha makuti au cha majani makavu ya migomba. Chini ya mti mkubwa panafaa, mradi si mti unaodondosha matone usiku kucha. Banda likiwa sawa, ndani yake ni joto la kumfanya mtu atoke jasho lakini si la kumfukuza, na nailoni ina matone ya maji kwa ndani. Ikiwa haina matone asubuhi, pana tundu mahali au vumbi limekauka.

Machipukizi marefu, membamba, yamepauka

Kivuli kimezidi, au machipukizi yamekaa sandukuni muda mrefu kupita kiasi. Vumbi la mbao halina chakula. Chipukizi linaishi kwa akiba ya tunguu, na akiba hiyo ina mwisho. Usitie mbolea ya chumvichumvi kwenye sanduku ili kuyaokoa, utayaunguza. Ongeza mwanga kidogo, na yale yenye majani matatu hadi matano na mizizi yake yahamishe.

Likihamishwa kabla ya kuwa na mizizi yake, utalijua: linang'oka bila upinzani, chini lina kovu jeupe tupu. Linaweza kurudishwa kwenye vumbi, likafukiwa kidogo, na baadhi huota mizizi. Kuanzia hapo, usivute. Fukua kwa vidole, tazama mizizi, kata kwa kisu pamoja na kipande kidogo cha tunguu.

Kwenye kiriba: mche umedumaa, au kingo za majani zinakauka

Sasa tumetoka sandukuni, mche uko kwenye kiriba, yaani mfuko wa nailoni wa kukuzia miche, na vyanzo vinabadilika kabisa.

Mche uliolala siku mbili tatu baada ya kuhamishwa kisha ukainuka hauna tatizo. Mche unaonyauka moja kwa moja ulitolewa kwenye unyevu wa nailoni ukawekwa juani siku hiyo hiyo. Unatakiwa kukaa chini ya kivuli kizito kwanza, kisha kivuli cha nusu, na ndipo ukutane na jua kidogo kidogo, kwa jumla ya wiki sita hadi nane. Anayetaka kuuza mapema huruka hatua hii, na mnunuzi ndiye anayebeba hasara.

Mche uliosimama bila kutoa jani jipya kwa wiki kadhaa, umwage kutoka kwenye kiriba. Mizizi myeupe yenye kujipinda inamaanisha kiriba kimekuwa kidogo. Mizizi michache na udongo mgumu kama tofali inamaanisha udongo wa mfinyanzi uliojazwa peke yake. Changanya sehemu tatu za udongo wa juu wa msituni au wa shamba ambalo halijawahi kuwa na migomba, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na mchanga kidogo kama udongo ni mzito. Mizizi yenye mabaka meusi na ya zambarau, inayovunjika ukiigusa, ni minyoo ya mizizi. Hiyo imekuja ama na tunguu lisilomenywa vizuri ama na udongo wa kihamba. Udongo wa kihamba ni mweusi, mzuri, na unashawishi, lakini una minyoo ya migomba ya vizazi. Usiuweke kwenye viriba bila kuuchoma kwa mvuke kama ulivyofanya kwa vumbi.

Samadi mbichi inaunguza. Majani huanza kukauka ndani ya wiki moja tangu kupandikiza, na ukinusa kiriba unaijua sababu.

Rangi ya majani nayo inasema. Mche mzima ukipauka na mashina ya majani yakawa na wekundu wa waridi, unakosa naitrojeni, na samadi iliyooza au kidogo cha urea iliyoyeyushwa kwenye maji mengi itaurudisha. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano iliyokolea kwenye ncha na kingo huku ya juu yakiwa kijani, unakosa potasiamu. Kijiko cha majivu ya kuni kwa kila kiriba, ukikichanganya na udongo wa juu, kinatosha kuanza.

Lakini kama kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia kavu, na mche umelishwa vizuri, chunguza maji. Hili ni la kwetu hasa. Maji mengi ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru yana magadi pamoja na floraidi, na tambarare za chini ya Moshi zina maeneo ya udongo wa magadi. Mgomba ni mmea usiopatana na chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wa kiriba au pembeni mwa ndoo ya kumwagilia, umepata jibu. Kusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati kwa ajili ya kitalu, au tumia maji ya mfongo, yaani mfereji wa kienyeji, yanayotoka juu mlimani. Kama huna mengine ila hayo, mwagilia kwa wingi mara chache ili chumvi ishuke na kutoka chini ya kiriba, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku.

Ukikata tunguu ukakuta rangi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji apunguze mwendo. Matatizo yote ya juu yanaharibu sanduku moja. Haya yanayofuata yanaweza kuharibu vihamba vya kijiji kizima, kwa sababu sanduku linazidisha ugonjwa kwa kasi ile ile linayozidisha miche, na miche hiyo inaenda kwa majirani, kwa shemeji na kwa kikundi cha akina mama.

Tunguu lenye afya ni jeupe, au lina ukijani hafifu sana, kutoka nje hadi katikati. Rangi nyingine ina maana.

Mifereji ya kahawia iliyojaa uchafu, wakati mwingine na funza mweupe mnene asiye na miguu ndani yake, ni fukusi wa migomba. Mdudu mzima ni mweusi, hutembea usiku, na jike huvutwa na harufu ya tunguu lililokatwa. Ndiyo maana tunguu lililomenywa vizuri jioni na kuachwa shambani hadi asubuhi linaweza kuwa na mayai kabla hujalibeba. Libebe siku hiyo hiyo. Mifereji ikiwa michache na ya juu juu, menya mpaka iishe na utumie maji yanayochemka. Ikifika katikati, acha tunguu hilo. Shambani, pasua vipande vya shina la mgomba uliovunwa, uvilaze upande uliokatwa ukitazama chini karibu na mashina, na asubuhi uvigeuze kuwaokota fukusi.

Nukta na michirizi ya njano, nyekundu au kahawia iliyotawanyika ndani ya nyama ya tunguu ni jambo jingine kabisa. Huo ni mnyauko wa fuzari, ambao wengi huuita Panama. Kwenye mgomba mkubwa majani ya chini huwa ya njano, huvunjika shingoni na kuning'inia kuzunguka shina, na shina lenyewe hupasuka chini. Mgomba wa ndizi za kisukari hushambuliwa kirahisi, na mshare pia hausalimiki. Kuvu huyu hukaa ndani ya tunguu, kwa hiyo wala kumenya wala maji ya moto havimwondoi, na akishaingia ardhini hubaki kwa miaka mingi sana. Usichukue chipukizi hata kwenye shina la jirani linaloonekana zima ndani ya shamba hilo. Na usilete machipukizi kutoka mbali kwa sababu tu mtu amekupa bure: mbari kali zaidi ya kuvu huyu, ile inayoua hata aina ya mgomba iitwayo Grand Nain, ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013.

Usaha wa njano unaotoka kwenye shina au tunguu dakika chache baada ya kukata ni mnyauko wa bakteria. Ulianza kuonekana Tanzania mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000 na umewaumiza wakulima wa huko vibaya. Ndizi huiva kabla ya wakati wake na ndani zina mabaka ya kahawia, na ua dume hunyauka. Ugonjwa huu husafiri kwa kisu, na tunguu linaweza kuubeba bila kuonyesha chochote. Kwa sababu hiyo kisu kisafishwe kati ya shina moja na jingine, si mwisho wa siku: kipitishe motoni mpaka kiwe cha moto kabisa, au kiloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne. Kuwa na visu viwili, kimoja kikiloweka huku kingine kikifanya kazi.

Kuna pia dalili isiyo ya rangi: machipukizi yanatoka yamebanana juu, majani mafupi, membamba, yamesimama wima, kingo zake ni za njano na shingo ya jani ina vistari vya kijani kilichokolea. Ni virusi vya kudumaza na kufunganisha majani, ambavyo vimekwisha kuripotiwa upande wa Kigoma. Havitibiki. Ukiona hata mche mmoja wa namna hiyo, usiuze mwingine wowote kutoka kwenye tunguu hilo, na mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata aje kuangalia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru kiko karibu na barabara ya Arusha na Moshi, na ni busara kupeleka taarifa huko kuliko kukisia.

Tunguu lenye dalili ya fuzari, bakteria au virusi halirudi kwenye mboji, wala halitupwi kwenye mfongo. Lichome, au lifukie mbali na migomba kwa kina kirefu. Vumbi lote lililolizunguka liende nalo. Mabanzi ya sanduku yasuguliwe kwa maji ya jiki na yaanikwe juani kabla ya kutumika tena, na nailoni ibadilishwe kama haioshiki. Viatu na jembe visafishwe kabla ya kutoka hapo. Kisha rudi kwenye shamba ulikochukulia mgomba mama, ukate mashina mawili matatu yaliyovunwa, uangalie ndani, na umweleze mwenye shamba ulichokiona siku hiyo hiyo, kabla hajamgawia mtu mwingine machipukizi.